Mawe ya Kununulia na Mawe ya Kuuzia

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mizani, naye hakulikataa jina hilo, kwa kuwa alilitolea jasho. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka masokoni, maghalani na madukani akiwa na mkoba wa mawe ya shaba, akiipima mizani ya watu kabla mizani hiyo haijawapimia wengine. Iliyokuwa sawa aliipiga muhuri. Iliyopinda aliifunga kwa waya, na mwenyewe alie asilie, shauri lake. Aliwahi kuifunga mizani ya shemeji yake mchana kweupe, mbele ya wateja, na mkewe akamnunia hata chakula kikawa kinapakuliwa bila neno. “Undugu ni undugu,” alimwambia, “na kilo ni kilo.”

Alipostaafu alijitengea chumba cha uani, akapanga humo mizani mbovu alizoletewa na watu azitengeneze. Hapo ndipo alipokuwa, bisibisi mkononi, alasiri ile mjukuu wake alipoingia bila kubisha hodi.

Jambo hilo peke yake lilitosha kumjulisha kwamba maji yamezidi unga. Mjukuu huyu, mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare, alilelewa akaleleka. Hakuwa mtu wa kuvamia vyumba vya wazee.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba. Hodi umeisahau wapi?”

“Nimeisahau kwa mhariri.” Akatua mezani bunda la karatasi lililofungwa kwa utepe wa kushonea, akakaa juu ya kreti. “Wamenirudishia.”

Mzee Mizani aliweka bisibisi chini. Bunda lile alilifahamu vizuri. Kilikuwa kitabu cha mjukuu wake, cha kwanza, alichokiandika kwa miaka akitoka kazini na vidole vimemvimba kwa mkasi. Kilisimulia nchi isiyokuwepo, yenye mto unaopanda mlima, na binti mmoja aliyezaliwa na kipawa cha ajabu. Mdogo wake binti huyo alitekwa na mtawala katili, Bwana Moshi, akatumbukizwa katika kisima kirefu ndani ya pango, na hadithi nzima ilikuwa safari ya dada kwenda kumtoa. Mzee alikisoma chote, miwani ikimteleza puani, na alipomaliza alitamka neno ambalo watoto wake wa kuwazaa hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. Alisema, “Safi.”

“Wamekukatalia?”

“Bado. Mhariri anasema hadithi inamvuta, ila uchawi wenyewe haueleweki. Kaniuliza, ‘Dada, huyu binti wako anaweza nini, na hawezi nini? Maana kama anaweza kila kitu, mimi msomaji naogopa nini?’ Nikabaki natazama viatu vyake.” Alivuta pumzi. “Alhamisi wanakaa kikao cha kuchagua vitabu. Nisipokuwa nimekirekebisha, nafasi yangu anapewa mwingine.”

“Mwingine nani?”

“Kuna bwana ameandika juu ya ufugaji wa kuku.”

“Kuku nao wana faida yao.”

“Babu!”

“Nimenyamaza.”

Hakunyamaza kwa raha. Yeye naye alikuwa na lake moyoni. Kwa kinyozi alikuwa amekwisha kujigamba kwamba mjukuu wake anatoa kitabu, na kinyozi alipouliza kinaitwaje, mzee alijibu, “Kinaitwa kitabu. Nyoa.” Maana kitabu chenyewe kiliitwa Mchawi Mwema, na jina hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mtu aliyekwenda wima maisha yake yote atasimamaje mbele ya wenzake kutangaza kwamba damu yake inasifu wachawi?

“Ngoja nikuambie linalonikera tangu mwanzo,” alisema. “Mchawi mwema ni nani? Ni sawa na kusema mwizi mwaminifu. Kazi yoyote huanza na istilahi. Tukishajua kila neno maana yake ni nini, uchawi wako utasimama wenyewe. Shika kalamu.”

Mjukuu akashika kalamu, kwa kuwa hakuwa na jingine la kushika. Mzee akaanza kutembea chumbani, mikono nyuma, kama alivyotembea mwalimu wake wa zamani aliyewachapa kwa kukosa ufafanuzi.

“Uchawi: kudhuru watu kwa siri. Andika. Uganga: kutibu na kuagua. Uramli: kutazamia yaliyofichika. Zindiko: kinga ya mwili au ya nyumba. Kiini macho: kulidanganya jicho. Mazingaombwe: kiini macho kilicholipiwa kiingilio.”

Mjukuu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. “Na binti wangu yuko wapi hapo? Hadhuru, haagui, hatazamii, hadanganyi.”

“Tutamtafutia nafasi. Endelea.”

Waliendelea hadi jua lilipoinama, na siku ya pili yake wakaendelea tena. Kila istilahi ilipata maana, kila maana ikapata vifungu, na vifungu vikapata vijukuu. Kwa kuwa mhariri alitaka mambo yaeleweke, waliyatia yote katika sura ya pango, pale dada anapofika mlangoni na kumweleza mlinzi kipawa chake ni cha aina gani na kinatofautianaje na aina nyingine zote. Mzee aliona fahari kubwa. Sura ile ilinyooka kama sheria.

Wakampelekea Bibi aisikilize. Bibi alikuwa jikoni, sinia la maharagwe mapajani, akichambua. Mjukuu alisoma kwa sauti. Bibi alichambua. Mjukuu akasoma. Mkono wa Bibi ukapungua mwendo, ukatulia, kidevu kikashuka polepole hadi kifuani.

“Mke wangu,” alisema Mzee Mizani kwa ukali.

“Nipo, nipo.” Bibi aliinua kichwa. “Ameshatoka huyo mtoto?”

“Mtoto gani?”

“Yule wa kisimani! Nilipofumba macho dada yake alikuwa mlangoni anafafanua. Nimefumbua, bado yupo mlangoni, bado anafafanua. Mdogo mtu anakunywa maji, yeye anampa mlinzi somo.” Alimgeukia mjukuu wake kwa utani wao wa siku zote. “Mke mwenza, hii umeiandika wewe au umeandikiwa na mume wetu?”

“Tumesaidiana, Bibi.”

“Basi mwambie asikusaidie.”

Yangekuwa maneno ya kuchekesha siku nyingine. Mjukuu alizikusanya karatasi, akazifunga kwa ule utepe, akarudi kuziweka kwenye meza ya babu yake. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza mzee zaidi, kwamba ni heri asiumize tena watu kichwa. Mhariri awape kuku nafasi yao, yeye arudi kukata suruali. Akaaga, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, Mzee Mizani aliamka na uso wa mtu aliyelalia mawe. Kabla hajamaliza chai, muuza nafaka wa kona ya pili alimletea mizani yake ya vitanga viwili, ile ya kuning’iniza.

“Mzee, wateja wamenichosha. Kila siku wananiambia nawapunja. Mimi naiona haina kasoro. Itazame ikiwa tupu: imetulia tuli!”

Kweli ilitulia. Mzee hakubishana. Alitia jiwe la shaba katika kitanga cha kulia, akatia misumari katika kitanga cha kushoto hadi mkono wa mizani ukalala sawa. Kisha akafanya alilolifanya maisha yake yote: akabadilisha. Jiwe likaenda kushoto, misumari ikaenda kulia. Mizani ikainama upande mmoja kama mlevi.

“Lo!” alisema muuza nafaka.

“Mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Ikiwa tupu haikwambii kitu. Mizani hujulikana ukibadilisha…”

Hakuimaliza sentensi. Muuza nafaka alisubiri, akakohoa, akauliza aje lini kuichukua. Mzee akamwambia kesho, bila kumtazama. Macho yake yalikuwa juu ya bunda lililofungwa kwa utepe.

Kitabu kile hakukibadilishia vitanga. Alikipiga muhuri siku ya kwanza, kikiwa kitupu, kwa sababu aliyekileta alikuwa damu yake. Yeye, aliyeifunga mizani ya shemeji!

Alivaa miwani, akafungua utepe, akaanza kusoma upya, sasa kwa jicho la kazi. Katika sura ya daraja, binti alilirudisha furiko kwa neno moja. Kitabu kiliita tendo hilo neema. Hakuna aliyeumia, na binti akaenda kula. Katika sura ya ngome, Bwana Moshi aliirudisha mvua kwa neno moja. Kitabu kiliita tendo hilo uchawi, na mashamba ya nchi nzima yakakauka. Mzee akabadilisha vitanga. Akampa Bwana Moshi neno la binti: kama naye anaweza kurudisha maji bila kulipa chochote kisha akaenda kula, kwa nini hajaitwaa dunia yote? Akampa binti neno la Bwana Moshi: kama kila neno lina mashamba yanayokauka, basi furiko lile lilipozuiwa, yalikauka ya nani? Kitabu hakikuwa na jibu. Kiliinama upande mmoja.

Alijua ugonjwa huo. Ndio uliokuwa ugonjwa wa walanguzi wa zamani, waliokuwa na mawe mazito ya kununulia kwa mkulima na mawe mepesi ya kumuuzia mlaji, yote yameandikwa kilo. Mjukuu wake bila kujua alikuwa na maneno ya kununulia na maneno ya kuuzia.

Sasa amwambie? Alikaa na swali hilo muda mrefu, kidole kikipapasa ukingo wa karatasi. Mjukuu wake amekata tamaa. Kwenda kumwambia kwamba hata lile “Safi” lilikuwa batili ni kumtia chumvi kwenye kidonda. Na asipomwambia, atakuwa amekubali mizani mbovu iende sokoni. Alivaa koti lake la kazi, lile la vifungo vya shaba, akatoka.

Karakana ya sare ilikuwa ukumbi mrefu wenye meza za kukatia, vumbi la pamba, na cherehani zilizokuwa zikipumzika kwa ajili ya chakula cha mchana. Mshonaji mmoja alimwona akapaza sauti: “Wewe mkata, mchumba wako kaja! Kavaa koti la harusi!”

Mjukuu alitoka nyuma ya majora ya kitambaa, futi ya kupimia ikiwa shingoni. “Babu! Umekuja kunikagua hata huku?”

“Nimekuja kufuta muhuri.”

Akamweleza yote, amekaa juu ya jora la khaki, mgongo wima kama yuko mahakamani. Alimweleza daraja na ngome, mawe ya kununulia na mawe ya kuuzia. Mjukuu alisikiliza, na jinsi alivyosikiliza ndivyo mdomo wake ulivyozidi kujikunja.

“Lakini Bwana Moshi ni mbaya, Babu!”

“Mizani haiulizi nani mbaya.”

“Binti ni mwema. Ndiyo maana lake linaitwa neema.”

“Na shemeji yangu alikuwa mwema. Alininunulia koti hili.”

“Sasa unataka wafanane? Wakifanana, hadithi iko wapi?”

“Sijui. Mimi kazi yangu ni kukwambia imeinama. Kuinyoosha sijui; jana nilijaribu, bibi yako akasinzia.”

Hapo kidogo acheke, lakini machozi yalikuwa karibu zaidi. Akageuza uso, akajifanya anatazama mlangoni. Wachukuzi walikuwa wanaingiza majora mapya kutoka kwenye gari. Mmoja, mtu wa makamo, alikuwa amemtangulia mwenzake kijana aliyelemewa na jora la khaki nzito. Akarudi nyuma, akainama, akasema, “Lete,” akaingiza bega lake chini ya mzigo. Kijana akanyooka na kupumua. Yule mwingine akapinda mgongo.

Nyuma yao alipita msimamizi wa ghala, mikono mitupu, akipiga kelele: “Twishaneni huko, mimi nina haraka!”

Mjukuu aliwatazama hadi walipotua mzigo. Futi iliteleza shingoni mwake ikaanguka, asiiokote.

“Mzigo haukupotea,” alisema taratibu.

“Mzigo gani?”

“Ule. Umehama tu.” Alimgeukia babu yake, na macho yake hayakuwa tena yale ya jana. “Babu, hakuna anayeweza kuondoa kitu. Ndivyo ilivyo katika nchi yangu. Wanaweza kuhamisha tu! Homa, mvua, uzito, huzuni, yote. Ukiitoa hapa, lazima itue pengine. Binti akilirudisha furiko… linatua kwake. Anaumwa kifua, anatapika maji. Haendi kula!”

“Na Bwana Moshi?”

“Anafanya tendo lilelile. Neno lilelile. Ila yeye habebi, anatwisha wengine. Mashamba yalikauka kwa sababu ukame aliutua kwa watu.” Alikuwa amesimama sasa. “Wote wawili ni wachukuzi. Wanaitwa hivyo. Hakuna neema, hakuna uchawi, hakuna maelezo mlangoni pa pango. Mlinzi atamuuliza, ‘Wewe nani?’ Atasema, ‘Mchukuzi.’ Kisha atambebea jino linalomuuma, mlinzi anyamaze, yeye aingie ndani ameshika shavu.”

Mzee Mizani alibadilisha vitanga kichwani, akamweka Bwana Moshi mahali pa binti na binti mahali pa Bwana Moshi, akarudisha tena. Mkono wa mizani ukalala sawa.

“Na mtoto wa kisimani?” aliuliza. “Atamtoaje?”

“Sijui,” alijibu mjukuu wake kwa furaha kubwa. “Sasa ndiyo sijui! Sasa hata mimi naogopa.”

Aliandika siku zilizobaki, na babu alipigwa marufuku kukaribia. Jumatano jioni alikuja kumsomea Bibi mwisho mpya. Mzee alisimama nje ya dirisha la jikoni, akijisingizia kunyoosha waya wa nguo. Alisikia sauti ya mjukuu ikisoma, kisha ya Bibi ikifoka, “Usikubali, we mtoto! Anakudanganya huyo Moshi!” Halafu ikanuka harufu ya maharagwe yanayoungua, na hapakuwa na mtu aliyeinuka kwenda kuyaepua. Mzee alifunga macho. Tangu Jumatatu hakuwa amepumua vizuri hivyo.

Alhamisi alimsindikiza. Ofisi ya mhariri ilikuwa ndogo, vitabu vimepangwa hadi dirishani, na mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba. Mzee alikataa kiti cha ndani, akakaa kwenye benchi la ukumbini, mlango ukiwa wazi kiasi. Alisikia karatasi zikigeuzwa, muda mrefu, na kikombe kikiwekwa mezani bila kunywewa.

“Umefuta neno uchawi kitabu kizima?” aliuliza mhariri.

“Nimelibakiza mahali pamoja. Watu wa mjini wasiojua, wanapomrushia binti mawe, ndio wanaomwita mchawi.”

“Hmm.” Karatasi nyingine. “Ngoja nikutege. Tuseme Bwana Moshi ana mtoto, na mtoto anaugua. Ataweza kumponya?”

Ukumbini, Mzee Mizani alishika ukingo wa benchi. Mama huyu alikuwa anabadilisha vitanga.

“Ataweza,” alijibu mjukuu wake bila kusita. “Ila homa itatua kwa mtoto wa mtumishi wake.”

“Na binti yako akitaka kumtoa mdogo wake kisimani?”

“Yeye lazima abebe kisima.”

Kisha mhariri akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na amependa kushindwa. “Dada, umenitesa. Nimefika katikati na nimesahau nina kikao. Acha hapa. Nakwenda nacho ndani sasa hivi, na watakaokipinga watanitambua. Bwana wa kuku atangoja zamu yake.”

Mjukuu alitoka amefunika mdomo kwa viganja viwili. Mzee alisimama kumpokea. Alikusudia kumpa mkono, kama inavyopasa, lakini mjukuu alimwangukia begani kwa uzito wake wote, akalia na kucheka pamoja. Mzee alipepesuka kidogo, akasimama imara.

“Polepole,” alisema. “Mimi si mchukuzi wa serikali.”

“Nimelemewa, Babu.”

“Lete.”

Walipoagana njiani, yeye hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipinda kona, akaingia kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti na kujifunga shuka mwenyewe.

Kinyozi alimzunguka akiwa na mkasi mkononi, amestaajabu. “Mzee wangu, wiki iliyopita tu nimekunyoa. Nywele zenyewe ziko wapi?”

“Hukuniuliza kitabu cha mjukuu wangu kinaitwaje?”

“Niliuliza, ukanifokea.”

“Uliza tena.”

Kinyozi akashusha mkasi. “Haya. Kinaitwaje?”

“Mchukuzi,” alisema Mzee Mizani kwa sauti ya kufika hadi kwa waliokaa nje wakingoja zamu. Kisha akaegemea nyuma, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. “Sasa nyoa. Hata kama hakuna kitu, nyoa.”